Pete za Pampu Nilizozibeba kwa Mbeleko

Mwaka 1957, nikiwa na miaka minane, baba alifariki nikatolewa darasa la pili. Nasema mapema, wenye digrii wajue wanasoma maandishi ya nani.

Majira ya baridi ya 2006 nilitoka Handsworth, mtaa wa Birmingham, Uingereza, kwenda mgodini, kaskazini kabisa mwa Kanada. Karakana yangu iliwauzia pete za mpira zinazozuia pampu kuvuja. Mara mbili zilipasuka wakizifunga. Barua ikaja: zikipasuka tena, oda inakatwa. Bila oda ile nafunga mlango, na wanawake sita ninaowaajiri wanakosa kazi.

Asubuhi, uwanja wa ndege wa Birmingham, nilikutana na Kamau, Mkenya wa mtaa wa Moseley, msomi anayesimamia ugavi wa mgodi, tusafiri pamoja.

"Mum, relax. Sistimu inasema mzigo wa pete uko njiani."

"Inasema pia kama ni mzima?"

Akacheka. Akacheka zaidi aliponiona nikifunga koti juu ya mbeleko, tumboni, ndani mna pete nne.

"Ai, Mum! Hao ni mapacha?"

"Wanne. Punguza sauti, wamelala."

Siku ya pili, lori lilitupitisha juu ya ziwa lililoganda. Barabara yenyewe ndiyo hiyo. Jua likizidi, barabara inayeyuka. Wamekaa wasomi wazima, wakapanga hivyo.

Jioni tukafika. Sanduku la pete la Kamau lilikuwa limetutangulia, saa ileile iliyotajwa na sistimu. Hongera yake. Fundi mkuu akachukua pete, akaivuta kidogo aivishe. Ikakatika kama biskuti, baridi ya njiani imeshaiua. Ya pili, hivyohivyo. Huko chini shimoni maji yalikuwa yanapanda. Kamau akafungua kompyuta. Labda alihifadhi pete humo.

Nikageukia ukuta, nikavua makoti matatu, nikatoa zangu zikiwa na joto la tumbo. Ziliingia laini. Pampu ikanguruma.

"Fundi anauliza hii teknolojia inaitwaje," Kamau akanitafsiria.

"Mwambie inaitwa kuzaa watoto saba."

Tukiwa njiani kurudi, Kamau aliandika ripoti: pete zisafiri na mtu, mwilini. Aliniomba nitie sahihi. Nilichojifunza ni kwamba mzigo uliofika umekufa haujafika, hata sistimu ikiapa.

Oda ilibaki. Leo nina karakana yangu ileile, barabara ya Soho Road, mashine tatu za kukata mpira, gari la mizigo, nyumba ya matofali Handsworth, na nyingine Mwanza, vyumba sita, haina mpangaji msumbufu.