Zabibu za Ushirika

Mama alikuwa na mambo mawili ambayo hakuna aliyeweza kumtoa kwayo. La kwanza, pombe ni mauti. La pili, zabibu kavu alizonunua mjini Kisii zilitoka katika shamba alilofanyia kazi ndugu yangu huko Ufaransa. Lile la kwanza nilikubaliana naye. Lile la pili nilijaribu kumsahihisha siku moja, nikatazamwa kwa jicho ambalo sikutaka kutazamwa nalo tena.

Alikuwa shemasi katika kanisa letu la Wasabato karibu na Kebirigo, na kazi yake ilikuwa kutengeneza divai ya ushirika. Divai yetu haikuwa na kileo. Kila robo ya mwaka alichemsha zabibu kavu, akazilaza kwenye sufuria hadi asubuhi, akazikamua kwa kitambaa cheupe ambacho hakikuruhusiwa kufanya kazi nyingine yoyote nyumbani. Kilichobaki baada ya ibada hakikunywewa. Alikimwaga ardhini nyuma ya kanisa, taratibu, kwa sababu kilichobarikiwa hakirudishwi jikoni.

Mwenye duka aliyemuuzia zabibu alikuwa Mwislamu, baba yake mtu wa pwani na mama yake Mgusii, na Kiswahili chake kilitutia haya sisi tuliokipata shuleni. Alimpenda mama kwa sababu mama hakuwahi kuomba apunguziwe bei ya kitu cha kanisa.

"Hii zabibu inatoka Ulaya?" mama angeuliza, kila safari, kana kwamba jibu lingeweza kubadilika.

"Ulaya kabisa, mama. Tena imeniuliza habari zako."

"Kijana yangu iko huko. Anaangalia shamba yake."

"Basi ukimwandikia, mwambie mzigo umefika salama."

Mama alicheka njia nzima. Kwenye sanduku la zabibu kulikuwa na jina la nchi nyingine kabisa, nami nililisoma, nikanyamaza.

Ndugu yangu alinifuata mimi kuzaliwa, na tulikuwa wawili tu. Aliondoka miaka michache baada ya uhuru, alipopata nafasi ya kwenda kusomea kilimo. Wakati wa likizo wanafunzi walikwenda kuchuma zabibu ili wapate matumizi, na alipomaliza masomo, wenye shamba wakambakiza. Barua zake zilisema hivyo: nafanya kazi katika shamba la zabibu, watu ni wema, baridi ni kali. Hakusema uongo hata mara moja. Hakueleza tu zabibu zile zilikuwa zinakwenda wapi, na mama hakuona sababu ya kuuliza. Zabibu kwake zilikuwa na kazi moja.

Lazima niseme kuhusu baba. Baba alikuwa mlevi, na sitamung'unya maneno, maana yeye mwenyewe hakujificha. Alikunywa amarwa, pombe yetu ya wimbi, tangu jua likiwa juu, na amarwa ilipokwisha akatafuta chang'aa. Asubuhi moja hakuwa kitandani. Ndugu yangu, akiwa bado anavaa kaptula ya shule, ndiye aliyemkuta kifudifudi katika kijito kilicho chini ya shamba letu, maji yasiyofika hata magotini. Alimvuta hadi ukingoni peke yake kabla ya kupiga kelele. Tangu siku hiyo mama hakuruhusu hata kibuyu kilichowahi kutiwa pombe kipite uani.

Kwa hiyo fikiria siku ile ya Desemba, kijana mmoja wa Keroka aliyesoma na ndugu yangu Ufaransa alipokuja kutuamkia. Alikuwa amerudi nyumbani kwa likizo fupi. Mama alimchinjia kuku. Alipomaliza kula, kijana akafungua mfuko wake, akatoa chupa nyeusi yenye karatasi nyeupe iliyochorwa nyumba kubwa ya mawe na maandishi ya dhahabu, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

"Mwanao amekutumia hii, mama. Ndiyo kazi yake."

Kisha akaanza kusimulia, maskini, akidhani anatufurahisha. Alisema nyumba ile ya mawe ni ya kweli, na ina lango la chuma ambalo magari ya mabwana wakubwa husubiri mbele yake. Chini yake mna pishi refu, na ndani ya pishi kuna mapipa ya mbao yaliyopangwa hata huoni mwisho. Divai nyekundu hulala humo gizani miaka na miaka kabla haijatiwa chupani, na watu huiagiza kabla hata haijaiva. Ndugu yangu aliingia pale kama mchumaji tu. Lakini mzee mkuu wa pishi aliona kwamba kijana huyu ana ulimi na pua, akamvuta karibu, akamfundisha. Divai ya chupa hii ndiyo ya kwanza ambayo aliaminiwa kuisimamia tangu zabibu zilipokamuliwa.

"Wageni wakubwa wakija," alisema, "humiminiwa kidogo tu. Wanainusa, wanaisukutua mdomoni, halafu wanaitema."

"Wanaitema?" mama akauliza.

"Wanaitema, mama. Kuna hata chombo chake."

"Kama wanajua ni ya kutema, mbona wanaitengeneza?"

Nilicheka. Mama hakucheka. Alikuwa ameshaelewa.

"Inalevya au hailevyi?"

"Mama, hii si kama hizi zetu. Hii ni ya heshima, chupa moja tu—"

"Nimekuuliza kitu kimoja."

Kijana akatazama mabaki ya kuku. "Inalevya."

Mama hakupandisha sauti. Ningefurahi kama angeipandisha. Alisema, "Utarudi huko?" Kijana akaitikia kwamba angerudi Januari. "Basi mwambie hivi. Yeye ndiye aliyemtoa baba yake majini, mimi sikuhitaji kumfundisha. Aiache kazi hiyo. Akishindwa kuiacha, asikanyage hapa kwangu."

Akaichukua chupa shingoni kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya mfu, akatoka nayo nje. Niliamini imekwenda chooni. Nilimhurumia ndugu yangu, kwa maana aliituma kwa fahari, kama vile mtoto anavyoleta ripoti nzuri kutoka shuleni.

Wakati huo nilikuwa nafundisha katika shule ya Sironga, na barua zilinifikia mimi kwanza. Jibu lake lilikuja wakati wa mvua ndefu. Ujumbe nimeupata, aliandika. Mwambie mama sina hasira. Mavuno ya mwaka huu yakishamalizika nitaondoka, nimekwisha kuwajulisha. Mzee wa pishi amesikitika sana.

Nilimsomea mama jikoni. Aliendelea kuchagua maharagwe, kisha akaniambia nirudie pale penye "sina hasira". Nikarudia.

"Nilisema vibaya," akasema. "Asikanyage. Mama gani humwambia mtoto maneno kama hayo?"

"Tumwandikie basi. Nipe maneno, niandike sasa hivi."

"Neno lililotoka kwa mdomo halirudishwi kwa karatasi. Akifika nitamwambia mwenyewe, nikiwa nimemshika mkono."

Nilimbembeleza, nikamkaripia hata. Mama yangu akikataa jambo, hata punda wangemwonea wivu. Badala ya kuandika, alianza kuitengeneza esaiga ya ndugu yangu, kile kibanda cha kijana wa kiume ambacho kilikuwa kimeachiwa mbuzi. Aliwatoa mbuzi. Akaikandika upya kwa udongo, akaezeka palipovuja, akanunua kitanda Keroka na kukileta kwa mkokoteni. Kila jioni alikuwa na jambo la kurekebisha mle ndani, na nikipita nilimsikia akisema peke yake. Alikuwa anafanya mazoezi ya yale maneno.

Oktoba ikaja telegramu kupitia ofisi ya chifu. Ilisema amefariki kazini.

Barua ya yule kijana wa Keroka ilifuata, na hiyo ndiyo iliyotueleza. Zabibu zinapochacha hutoa hewa nzito isiyoonekana, nayo hutuama chini kama maji. Mfanyakazi mmoja alishuka kusafisha tangi na akaanguka. Ndugu yangu akashuka kumtoa. Yule mwenzake alipona. Kumsafirisha marehemu kwa ndege lilikuwa jambo la watu wenye fedha, si sisi, kwa hiyo walimzika huko, karibu na mashamba yale, na wenye nyumba ya mawe walisimama kaburini wamevua kofia.

Mama alisikiliza hadi mwisho. "Alikuwa anaondoka," akasema. "Alibakiza siku chache." Kisha, "Alishuka kumvuta mtu." Hapo ndipo alipolia, kilio ambacho kiliwaleta majirani wakipita katikati ya mahindi.

Wajomba na baba wadogo walikusanyika, na hakuna aliyejua desturi inasemaje kuhusu mtu aliyezikwa ng'ambo. Walichokubaliana ni kwamba kijana wa boma hili hawezi kukosa kaburi katika boma hili. Likachimbwa, mahali pake, kando ya esaiga. Lakini kaburi haliwezi kufukiwa tupu, wakasema, lazima kuwe na kitu chake. Nguo zake za zamani zilikuwa zimekwisha migongoni mwa binamu. Madaftari yake yaliliwa na mchwa. Tulisimama pale tukitazamana, na nilihisi aibu kali, kwamba mtu mzima aliishi nasi na hatukubakiwa na hata kifungo chake.

Mama akaenda ghalani. Akapanda, akazamisha mkono ndani ya wimbi hadi begani, akaitoa ile chupa. Ilikuwa imefungwa katika sweta yake ya kanisani, ile aliyotuambia ameipoteza. Kumbe alikuwa ameilaza humo muda wote huo.

Mjomba mmoja, ambaye hata msibani hakuacha mzaha, akasema, "Dada, kabla hatujamzika, sisi wajomba zake tungeonja kidogo tu, tujue kazi aliyokuwa akiifanya."

"Hailambwi," mama akasema, na watu wakacheka kidogo, kisha wakaona haya.

Mzee wa kanisa ndiye ambaye hakucheka. Alikuwa mtu mwema, na alisema kwa upole, "Dada yetu, nikiombea kaburi hili nitakuwa nimeiombea pombe. Nawe ni shemasi."

"Usiiombee chupa. Niombee mimi."

Akamwombea. Mama akashuka magoti, akailaza chupa chini kwa mikono miwili, ikiwa bado katika sweta iliyofunuliwa kidogo, picha ya ile nyumba ya mawe ikitazama juu. Nilidhani sasa atayasema maneno yake. Badala yake aliuweka sawa ukingo wa sweta, akainuka. Wanaume wakaanza kurudisha udongo.

Nilitegemea avuliwe ushemasi. Hakuvuliwa, na yule mzee hakulitaja tena jambo lile. Robo iliyofuata tulikwenda Kisii kununua zabibu. Mwenye duka alikuwa amesikia. Alimpa pole, akapima zabibu, na mama akasubiri kidogo kama kawaida, lakini hakuuliza zinatoka wapi. Naye hakusema ni za Ulaya. Nilitamani mmoja wao aseme.

Jumamosi ile tulitawadhana miguu, tukala mkate, tukanywa divai ya mama. Ibada ilipokwisha nilimwona akichukua jagi lenye mabaki, lakini hakuzunguka nyuma ya kanisa. Alilifunika kwa sahani, akashika njia ya nyumbani. Nikamfuata. Alitembea polepole, macho kwenye sahani, asimwage hata tone, na waliomwamkia njiani aliwaitikia bila kugeuka.

Alipofika kaburini akafunua jagi. Nilishtuka. Hivyo ndivyo wazee wa zamani walivyowamwagia pombe wafu wao, na hakuna kitu ambacho mama alikuwa amekipinga zaidi.

"Mama, haya si matambiko?"

"Nikimwaga nyuma ya kanisa ni heshima, nikimwaga hapa ni matambiko? Ardhi ni hiyo hiyo. Ninyi walimu mna maneno mengi."

Akainama, akamimina upande wa kichwa, kidogo kidogo, kile kinywaji kitamu cha zabibu ambazo hazikutoka shambani kwa mwanawe. Udongo wetu ni mwekundu, hukuweza kuona kilipoishia. Kisha akauweka mkono wake juu ya ule udongo uliolowa, akaukandamiza kama mtu aliyeshika mkono wa mwenzake.

"Yale maneno nimeyafuta, baba," akamwambia mwanawe, kwa Ekegusii. "Sikuyasema mimi, hofu ndiyo iliyoyasema. Kanyaga. Ingia ndani."

Nililia hapo kuliko nilivyolia siku ya telegramu. Niligeuka ili asinione, na ndipo nikaona kwamba mlango wa esaiga ulikuwa umefunguliwa tangu asubuhi, na kitanda kile cha Keroka kilikuwa kimetandikwa.