Maungio ya Godauni la Malaba

Katikati ya miaka ya sabini nilisimamia ujenzi wa godauni la vyuma pale Malaba, karibu na malori yanaposubiri kuvuka kwenda Uganda. Mwenyewe alikuwa mzee wa kutoka Angurai, mfanyabiashara wa mahindi, mpole lakini mbishi kupita kiasi.

Tulibishania maungio. Nilitaka kila mahali boriti inapokutana na nguzo pachomelewe hadi ndani, kisha paongezwe mabamba na bolti. Yeye aliona kuchomelea juu juu kunatosha.

"Hii ni chuma, si miti," aliniambia. "Itavunjika namna gani?"

"Mzee, chuma chenyewe hakina shida. Ardhi ikitetemeka, boriti itapinda kidogo na kumeza ule mtikisiko. Lakini kiungo kikiwa dhaifu, kitakatika kabla boriti haijapinda."

"Tetemeko ni ya huko Uganda, milimani."

"Na Uganda si ndiyo ile hapo?"

Akacheka, akaenda zake. Fundi wa kuchomelea akafanya alivyoagizwa na mzee.

Tetemeko lilikuja mchana mmoja, paa likiwa tayari lakini magunia ya mahindi bado hayajaingizwa. Nilikuwa hotelini nakunywa chai, vikombe vikaanza kugongana mezani. Nikatoka mbio. Godauni lilikuwa limesimama, na mzee yuko mlangoni, uso umechangamka.

"Si ulisema itaanguka?"

Sikuwahi kusema hivyo. Nilipanda ngazi, nikakuta kiungo cha kona kimepasuka. Ncha ya kisu changu iliingia kwenye ufa bila kusukumwa. Nikamwita mzee apande aone. Aliona, halafu akamwambia fundi, "Jaza hiyo, upake rangi."

Nilimsihi tukague viungo vyote kabla ya kuingiza mahindi. Asubuhi nilimweleza, jioni nikamweleza tena, hadi maneno yakaniishia. Alichokubali ni kona ile tu. Tukaitia mabamba na bolti kama nilivyotaka tangu mwanzo, kisha nikaacha kazi.

Magunia yakaingizwa. Miaka iliyofuata, kila nilipopita Malaba, nililikuta godauni limesimama na wapagazi wakipishana chini ya boriti zile. Sikuwatakia mabaya, lakini hasira ilinipanda upya. Mzee akiniona alinipungia mkono, akanionyesha paa kwa kidole huku akicheka. Nilimpungia pia, nikaendelea na safari yangu.