Kikao cha Mazishi ya Ompu Lasma Aliye Hai

Ompu Lasma alikuwa amekataa kufa, na huo ulikuwa mwezi wa tatu. Daktari alikwishasema watu wajiandae. Wajukuu walikwishapanda ndege kutoka Jakarta mara mbili, wakafika wanalia, wakamkuta bibi anachambua miiba ya samaki, wakarudi wamenuna. Hata nyati wa mazishi alikuwa tayari, amefungwa nyuma ya nyumba, na kwa kusubiri huko alizidi kunenepa.

Aliyetwikwa shauri hili ni Sintua Hotmian, mzee wa kanisa wa mtaa wa chini, fundi cherehani wa miaka hamsini na minane ambaye hakuwahi kuolewa. Mchungaji alikuwa amerudi kutoka semina na kijitabu kinachosema wazee wa kanisa wawasaidie washarika kukabili mabadiliko ya jamii. Kila mzee achague badiliko moja, alishughulikie, aandike ripoti kabla ya mavuno. Mmoja alichagua simu ibadani. Mwingine, mvivu kupindukia, alichagua hali ya hewa. Hotmian hakupata nafasi ya kuchagua, maana Ompu Lasma, jirani yake, alimwita kwa kugonga ukuta kwa fimbo.

"Sifi," bibi alimwambia. "Nikifa leo watanizika nusu."

Ilikuwa kweli. Kwetu, aliyewaoza watoto wake wote na kuona wajukuu hufa saur matua, yaani amemaliza kazi. Gondang, ngoma zetu za heshima, hupigwa, nyati huchinjwa, watu hucheza ngoma badala ya kulia. Akibaki mtoto mmoja tu bila ndoa, heshima hiyo inapunguzwa. Watoto sita wa Ompu Lasma walikuwa na ndoa zao. Wa saba, Bistok, miaka arobaini na tisa, aliendesha kreni bandarini huko Batam na hakuwa na mpango wowote. Siku hizi kina Bistok wamejaa, karibu kila nyumba ya mtaa ina Bistok wake mjini.

Hotmian aliijua habari hii kuliko wote. Mama yake alizikwa miaka kumi na tisa iliyopita bila ngoma hata moja, na sababu ilikuwa yeye. Siku ile alipika wali wa watu mia mbili huku wanaopita jikoni wakinong'ona, "Ndiye huyu." Hakuwahi kuwasamehe, na nani angemlaumu?

Sasa, kikao cha kupima hadhi ya marehemu na kugawa nyama hufanyika mtu akishakufa. Hotmian akaona, mbona kisifanyike mapema, mwenyewe akiwepo? Kwenye ripoti akakiita "njia shirikishi". Mchungaji akaisifu bila kuisoma.

Jumamosi asubuhi watu arobaini wakaketi kwenye mikeka. Ompu Lasma akawekwa katikati, juu ya kiti cha plastiki, tambuu mdomoni. Msemaji wa ukoo, Amang Jautir, mtu anayeweza kutumia saa nzima kuomba chumvi, akafungua kikao.

"Ndugu zangu, tumekutana kwa majonzi kumuaga mama yetu mpendwa aliyetutoka..."

"Sijatoka," akasema Ompu Lasma.

"Ompung, bibi yetu, tafadhali. Kwenye kikao hiki wewe ni marehemu. Marehemu hasemi."

"Na kutema? Marehemu anatema?"

Hoja hiyo ilijadiliwa dakika ishirini, watu wazima na akili zao. Ikapitishwa kwamba kutema ruksa, kusema marufuku.

Marehemu akajikaza mpaka kwenye mgawo wa nyama, shingo ya nyati ilipotajwa kwenda kwa shemeji yake.

"Yule? Mwaka mzima hajanijulia hali! Mpeni kwato!"

"Marehemu anavuruga kikao!" akalalamika shemeji.

Karani akaandika kwamba marehemu ameonywa.

Ndipo wakafika kwa Bistok. Simu ikawekwa juu ya mkeka, sauti mwisho.

"Bistok, utaoa au huoi?" akauliza Amang Jautir.

"Amang, baba yangu, niko juu ya kreni."

"Jibu swali!"

"Nina kontena linaning'inia hapa!"

"Na mama yako je? Si ananing'inia vilevile?"

Watu wakacheka hadi nyati akashtuka. Bistok akasema taratibu, "Siwezi kumuoa binti wa watu ili mama apigiwe ngoma. Ngoma zikiisha nitamwambia nini?" Akakata simu.

"Basi," akasema Amang Jautir. "Desturi ni desturi. Mama hajamaliza kazi."

Hotmian akasimama. Akajitanda vizuri shuka lake la ulos. "Kazi ipi hiyo, Amang? Anayempigia bibi simu kila jioni ni nani? Anayetuma dawa ni nani? Ni hao sita wenye ndoa?"

Wale sita wakaanza kukagua ususi wa mkeka.

"Inang Sintua, mama mzee wa kanisa," akasema Amang Jautir, "hapo unamsemea Ompung, au unajisemea mwenyewe?"

"Najisemea na mwenyewe pia. Mama yangu mlimzika kama mtu aliyefeli mtihani. Mtihani wenyewe ulikuwa mimi."

Msemaji wa mazishi yale alikuwa Amang Jautir mwenyewe. Akawageukia wazee mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakatikisa vichwa kukubali, wengine wakiwaza wanao walioko mjini.

"Gondang itapigwa," akasema mwishowe. "Karani, andika. Kwa Ompung, na kwa kila mzazi mwenye Bistok wake."

Fimbo ikainuka. "Marehemu anaomba kusema."

"Haya, marehemu, sema," akajibu Amang Jautir, hoi.

"Ninayetangulia ni mimi. Nitamkuta mama yake Hotmian huko, na ataniuliza tu, namjua yule kwa udadisi. Nimwambie nini?"

Hakuna aliyecheka. Amang Jautir akavua kofia.

"Mwambie tulikosea, Ompung."

"Na ngoma?"

"Mwambie zilikuwa haki yake."

"Atataka kujua siku ngapi."

"Siku mbili."

"Tatu," akasema Hotmian.

Amang Jautir akamtazama, akainamisha kichwa. "Tatu. Andika."

Karani akaandika. Hapo Hotmian akaangua kilio mbele ya kikao kizima, na mtu mmoja alipotaka kumnyamazisha, Ompu Lasma akamzuia kwa fimbo. "Mwache," akasema. "Huo ni msiba wake."