Umeme haukukatika

Jamani, mpaka saa hii sijielewi!

Mpwa wangu Zuwena anasomea upimaji wa macho. Leo kaja kwangu Jang'ombe kufanya mazoezi, nkamwambia, "Mjomba wako akisimama Mtoni anamuona kaa pwani ya Matemwe, upande wa pili wa kisiwa!"

"Haya, tuone."

Kafunga madirisha, kawasha taa, kabandika herufi ukutani. Kanifunika jicho la kushoto. Nkazisoma zote, mpaka zile ndogo kama sisimizi!

Kanifunika la kulia.

Nkasema, "Ah! Washakata umeme hawa."

Feni naisikia inazunguka.

"Mjomba, umeme upo. Jicho hili halioni tangu lini?"

Sijui! Miaka yote hii najisifu, kumbe kwa jicho moja?

Kesho ananipeleka hospitali. Na nyie hebu fumbeni jicho moja moja, kisha mnambie.