Harufu ya Mikono ya Mama

Kila ninapoloweka mashuka meupe, harufu ya dawa ya madoa hunirudisha kwenye kiti cha daktari wa meno, Msambweni. Nilikuwa nimeanguka kutoka mkoroshoni, na jino langu la mbele likafa kabla mzizi wake haujakomaa.

"Tukiling'oa, jingine halioti," daktari alimwambia mama. "Nitalisafisha, kisha nilitoneshe ndani litoke damu kidogo, mzizi upate kuendelea kukua."

Nikaanza kulia. Lakini dawa aliyoliosha nayo ilinuka kama mikono ya mama, aliyekuwa akifua mashuka ya hoteli huko Galu. Nikatulia, nikaachama.

Alhamdulillahi, mzizi ulikua. Mama sasa hana meno ya mbele. Akitamani muwa, mimi ndiye ninayemmenyea, kwa jino lile lile.