Ala ya Bi Skola

Jamani, naisimulia hii habari mwenyewe kabla hamjaletewa na mtu mwingine, maana najua video imeshazunguka kwenye magrupu yote ya Watanzania wa London, na kuna binamu yangu kule Songea kanitumia akiniuliza kama yule mwenye suti ya bluu anayetokwa jasho ni mimi. Ni mimi. Aibu niliyoipata siku ile sijawahi kuipata tangu nizaliwe, na kibaya zaidi sina wa kumlaumu, nimejitafutia mwenyewe kwa mikono yangu hii miwili.

Nianze na ugonjwa wangu. Mimi nakusanya singe, kile kisu kirefu ambacho askari anakichomeka mbele ya bunduki, tena za zamani, za vita vile vikubwa viwili, na ninazo kumi na nne ukutani kwenye chumba changu pale Hounslow (mwenye nyumba anajua, usije ukaanza). Siku tano za wiki napakia mizigo ya watu kwenye ndege, na Jumapili moja ya kila mwezi, nikitoka misa ya kwanza, naenda kwenye soko la vitu vya kijeshi linalofanyika ukumbi wa hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, na kule mimi ndiye mweusi peke yangu na wazee wa Kizungu wananiita kwa jina. Sasa sisi wa singe tuna jambo moja linalotunyima usingizi, nalo ni ala, ule mfuko wa ngozi unaovishwa kisu. Singe na ala yake lazima viendane, kiwanda kimoja, mwaka mmoja, mhuri mmoja, na visipoendana ni kama mtu kavaa kiatu cheusi mguu huu na cha kahawia mguu ule, anaweza kutembea, ndiyo, lakini wewe unayemtazama unaumia.

Huo ugonjwa ndio ulioniharibia Stella.

Stella ni nesi, anaishi Wembley na mama yake, Bi Skola, mama wa Kingoni wa miaka karibu themanini ambaye presha ya macho imemnyang'anya kuona, alichobakiwa nacho ni mwanga tu wa dirishani. Nilikuwa na Stella mwaka wa tatu huo, mimi na miaka arobaini na nne na kipara kinachoanza, nikatuma washenga kama inavyotakiwa, na jibu likaja kwamba mama atajibu mwenyewe, mbele za watu, siku ya sherehe yake ya kutimiza miaka themanini. Kila mtu alijua jibu ni ndiyo. Hata mkate wa kumimina wa siku hiyo nilishaambiwa nikate mimi.

Wiki tatu kabla ya sherehe Bi Skola akaniita chumbani kwake, nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akavuta chini ya mto kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Nilipofungua nilikaribia kulia. Singe! Ya baba yake, aliyepigana Burma na jeshi la Mwingereza akarudi nayo nyumbani (alirudije nayo hakuna aliyewahi kusema, na mimi sikuuliza). Kutu kiasi, mpini mzima, mhuri unasomeka. Lakini ala sasa! Ngozi ilikuwa imepasuka katikati, mtu akaiziba kwa kiraka cha ngozi ya mbuzi na kukishona kwa uzi wa gunia, mishono minene inayopinda huku na huku, na mbaya zaidi, mhuri wa mdomoni ulikuwa wa kiwanda kingine kabisa.

"Itoe kutu, mwanangu," aliniambia. "Kutu tu. Siku ile nataka niishike ikiwa safi."

Kutu tu. Nimeyarudia maneno hayo mpaka yamechoka.

Kutu niliitoa kwa siku nne, polepole, kwa mafuta na kitambaa, kazi safi ambayo mpaka leo naweza kujisifia. Ningeishia hapo leo hii ningekuwa mume wa mtu. Ila Jumapili ile nikaenda sokoni, na kwenye meza ya karibu na mlango, kwa mzee mmoja wa Kiingereza ambaye huwa ananiwekea vitu, nikaiona ala. Kiwanda kile kile! Mwaka ule ule! Ngozi nyeusi haina hata mkwaruzo, na ilipoingia kwenye singe ya Bi Skola (nilikuwa nayo begani, ndani ya sanduku la gitaa lililofungwa kwa kufuli, maana kutembea na singe wazi London ni kutafuta kulala polisi) ikatoa ule mlio mdogo wa kukaa mahali pake. Nikasema moyoni, mama huyu haoni, lakini anastahili kitu kamili. Nikampa yule mzee ala yenye kiraka na kuongezea kidogo juu, tukapeana mikono, nikarudi nyumbani napiga mluzi. Sikumwambia Stella, nilitaka iwe zawadi ya kushtukiza.

Siku ikafika. Ukumbi wa nyuma ya kanisa pale Wembley, watu kama themanini, pilau, maputo, na kaka yake Stella, Gaspa, ndiye mshereheshaji, kajifungia maikrofoni mkononi tangu saa saba mchana. Mimi nikaingia na lile sanduku langu. Gaspa kuliona tu akapiga kelele, "Shemeji kaja na gitaa! Jamani, shemeji anamwimbia mama!" Ukumbi mzima ukashangilia, akina mama wakapiga vigelegele, simu zikatoka mifukoni, kila mtu ananirekodi (gitaa sijui kupiga, sijawahi hata kuligusa), na mimi badala ya kusema hapana, nikatabasamu kama mjinga, nikaenda mpaka mbele, nikapiga magoti miguuni pa Bi Skola, nikafungua sanduku.

Nikamwekea singe mapajani. Watu wakafanya "aaah". Nikatulia hivyo kidogo ili wanirekodi vizuri.

Bi Skola alitabasamu. Akapitisha kiganja kwenye mpini, akatikisa kichwa akiridhika, akashuka mpaka kwenye ala, na pale mkono ukasimama. Akarudisha juu. Akashuka tena. Tabasamu likawa linaondoka kidogo kidogo, mimi naliona, nipo mbele yake kabisa.

"Hii ya nani?" aliuliza.

Hapo, jamani, hapo ndipo palikuwa na mlango. Ningesema tu, Mama nimebadilisha, nisamehe, kesho naifuata. Lakini watu themanini, simu themanini, na Stella amesimama pembeni na gauni lake la kijani ananitazama kwa fahari, nikamshika mama mkono, nikasema, "Ndiyo yenyewe, Mama. Nimeipaka dawa tu, ngozi imelainika."

"Na nyuzi?"

"Fundi kazishona upya, Mama, kwa ndani. Siku hizi wanashona kwa ndani."

(Kwa ndani! Sijui hata ilitoka wapi.)

Akatoa mkono kwenye ala. Nikadhani yameisha. Kumbe alikuwa anatafuta maikrofoni, akanyoosha mkono, Gaspa akampa, na yule mama akaanza kuwasimulia watu kwa sauti yake ile ya chini, kwamba baba yake aliporudi Burma alikuwa haongei, na kila alipoiona ile singe uchi, kwa sababu ala ilipasuka, alikuwa anatetemeka mpaka anamwaga uji. Basi mama yake akachinja mbuzi, akakata ngozi, akakaa mlangoni siku nzima akishona, ili baba asikione tena kile chuma. Mama huyo alifariki Skola akiwa na miaka tisa. Hakuacha picha, hakuacha nguo, walimzika na alichokuwa amevaa. "Mimi nilijifunza kuhesabu kwa mishono yake," alisema. "Ishirini na tatu. Mpaka leo kila nikilala naihesabu. Ngoja niwahesabie."

Akaweka kidole kwenye mdomo wa ala, akasema kwenye maikrofoni, "Moja."

Kidole kikateleza. Hakikukwama popote. Kikateleza kwenye ile ngozi nyororo niliyoipaka mafuta kwa upendo, kikaenda mpaka ncha, kikadondokea kwenye gauni lake jeupe, na pale ndipo watu wote tulipoona kwamba mafuta yangu yalishalichafua gauni, doa refu la kahawia mapajani, umbo la ala yenyewe.

Gaspa, maskini, akitaka kumsaidia mama yake (au kunisaidia mimi, sijui), akakumbuka kwamba kwenye picha zake za kuonyesha ukutani kulikuwa na moja ya Bi Skola kijijini, enzi macho yanaona, kaishika ile singe. Akabonyeza. Ukuta mzima ukajaa ile picha, kiraka kikubwa kama mlango, mishono ya gunia mtu anaihesabu akiwa mstari wa nyuma.

Shangazi mmoja akasema kwa sauti, "Mbona hiyo ina kiraka na hii haina?"

Nikasema picha ni ya zamani. Nilisema hivyo kweli, mbele ya watu, jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi. Mtu mmoja akacheka, halafu akaziba mdomo.

"Deo," Stella akaniita, na hakunikaribia. "Iko wapi ala ya bibi?"

Nikasema yote. Soko, mzee wa mlangoni, kiwanda, mwaka, mhuri. Nilipofika kwenye "sasa zinaendana" nikasikia mwenyewe upuuzi ninaousema, lakini nilishaanza, nikamalizia. Bi Skola alikuwa amegeuza uso upande wa dirisha. Maikrofoni bado ilikuwa mkononi mwake, kwa hiyo alichosema wamekisikia wote, na kwenye video kinasikika vizuri kuliko chochote.

"Chuma kilikuwa cha Serikali," alisema. "Ala ndiyo ilikuwa ya mama."

Mkate wa kumimina haukukatwa. Jibu la posa halikutajwa.

Nilisubiri wiki mbili mpaka soko linalofuata, maana namba ya simu ya yule mzee sikuwa nayo, na siku hiyo nikafika kabla hawajafungua milango. Alinikumbuka. Ile ala? Akafurahi kabisa, akasema ilimfaa sana, alikuwa anahitaji kile chuma cha mdomoni na kile cha ncha kwa ajili ya kutengenezea ala nyingine. Na ngozi? Akanitazama kama namuuliza habari za maganda ya ndizi. Aliikata, akaitupa, lori la taka la wilaya yao linapita kila Jumanne. Akaniuzia vile vyuma viwili ndani ya mfuko mdogo wa plastiki, alikuwa bado hajavifunga kokote, na mimi nikakaa kwenye ngazi za hoteli ile, mtu mzima, nikalia mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa.

Nikavipeleka Wembley. Stella alinifungulia mlango, hakunikaribisha kukaa. Nikamwamkia Bi Skola, akaitikia (hata siku ile aliitikia, marahaba, ila "mwanangu" haikuwepo), nikamwekea vile vyuma kiganjani. Akavipapasa. Cha mdomo alikitambua, akakizungusha, akaingiza ncha ya kidole ndani yake, anatafuta.

"Ngozi?"

"Waliitupa, Mama."

Akavirudisha kwenye mfuko kimoja kimoja, akanishikisha. "Chuma tulikuwa nacho," alisema. Kisha akavuta kile kitenge chini ya mto, singe ikiwa ndani yake na ala yangu nzuri, akanipa pia. "Hizi zinaendana. Si ndicho ulichokuwa unataka? Kaa nazo."

Stella alinisindikiza mpaka kwenye lifti. Nilijua ananisindikiza kwa adabu ya kwao tu. Akasema, "Ala ningekusamehe, Deo, hata mama angekusamehe, watu wanapoteza vitu. Lakini yeye alikuuliza, haoni, na wewe ukamshika mkono ukamwambia ndiyo yenyewe." Lifti ikafika, akanishikia mlango nikaingia, na hiyo ndiyo mara ya mwisho tumeonana.

Zile singe zangu kumi na nne nimeziuza zote. Iliyobaki ni hii moja, na wazee wa sokoni wakiiona kwenye picha wananipongeza, wanasema ni nadra kupata kitu kamili namna hii. Siipaki mafuta. Nimeiacha chini ya mto wangu ishike kutu, na usiku mwingine nikikosa usingizi naitoa, nafumba macho, naweka kidole kwenye mdomo wa ala nasema moja, na kinateleza mpaka mwisho. Nimeapa kwamba mtu akinipa kitu chake nikitoe kutu, nitakitoa kutu, na akiniuliza kama ndicho chenyewe nami nimekiharibu, nitamwambia hapana hapo hapo, hata London nzima ikiwa inanirekodi. Tangu siku ile hakuna aliyenipa kitu.