Kata ya Kyalo

Asubuhi ile Kyalo alinyoa ndevu kwa chai. Ilikuwa imebaki kidogo kikombeni, vuguvugu, na maji ya kunyolea hayakuwapo, kwa hiyo alichovya brashi humo humo akajipaka sabuni, huku akijitazama kwenye kioo cha pikipiki alichokuwa amekitundika kwenye kamba ya hema. Nilimwambia atanuka kama mkahawa. Akasema afadhali mkahawa kuliko beberu, na kwamba mimi nilishafika kwa beberu tangu Jumatatu.

Tulikuwa Somalia, kwenye kambi ndogo karibu na mto mkavu. Gari la maji lilikuwa limechelewa siku ya tatu kwa sababu barabara ilitegwa mabomu, na kila askari alipimiwa chupa mbili kwa siku, anywe, apike, aoge akitaka. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi sana. Tulipiga soga, tukakwaruzana kidogo kwa ajili ya kivuli, tukapanguza bunduki. Mimi nilikuwa koplo wa kikosi cha watu wanane. Kyalo alikuwa mdogo kuliko mimi kwa miaka sita, wa Kitui, kule kusini ambako mvua ikikosa hata mbuzi hukosa adabu. Mimi ni wa Makueni, mzaliwa wa Kasikeu, na hilo hakuacha kunichokoza nalo.

"Nyinyi watu wa Makueni ni wa machungwa," alisema. "Kiu mnaisikia kwa redio."

"Kwetu pia tunachimba mtoni."

"Mnachimba kama fuko. Mwaitu yeye hachimbi mpaka aone nyuki."

Mwaitu ndiyo mama, kwa Kikamba. Mama yake, alisema, huketi ukingoni mwa mto wa mchanga asubuhi na kungoja. Nyuki wakija wakatua mahali, hapo ndipo anapochimba, na maji hayako mbali. Yeye Kyalo alipokuwa mdogo hakuwa na subira hiyo. Alichimba popote, akatoka mikono mitupu, akachapwa. Alikuwa akicheka aliposimulia, na mkononi alikuwa na kata aliyopewa na mama huyo siku aliyojiunga na jeshi: kibuyu kilichokatwa nusu, chenye ufa ulioshonwa kwa uzi wa katani. Alikunywa maji yake yote kwa kata hiyo. Wengine walimcheka. Hakujali.

Hivyo ndivyo siku ile ilivyoanza.

Sasa naishi mjini Wote, nyumba ya mawe, bomba liko uani. Nilipoondoka jeshini nilitaka mahali ambapo maji yanatoka kwa kuzungushwa tu. Lakini situlii. Mke wangu husema nimeingiwa na siafu. Naketi, nainuka, nafungua geti, nalifunga, narudi kuuliza kama geti limefungwa. Kanisani nasimama nyuma karibu na mlango, mchungaji akidhani ni unyenyekevu. Kwetu Kasikeu kuna mto wa mchanga ambao sharti uuvuke kufika nyumbani, nami nimeacha kwenda. Mama yangu mzazi ndiye hunitembelea mjini na vikapu vyake, akilalamika juu ya miguu, nami najitia hamnazo.

Mwaka huu, mwezi wa kiangazi, alinipigia simu Bi. Halima. Ndiye mtunzaji wa makumbusho ya vita pale mjini Kitui, mtoto wa wenye duka la vitambaa, watu waliotoka pwani zamani. Ana Kiswahili safi ambacho hutuacha sisi wa bara tukijikuna kichwa.

"Koplo, makumbusho yetu yanatimiza miaka kumi," alisema. "Tunafungua chumba kipya, cha vita vya siku hizi. Mama yake Kyalo ametuletea kata."

Nilikuwa nimesimama uani. Nikaanza kutembea.

"Ameridhia ikae katika kabati la kioo, na yeye mwenyewe alifungue. Ila ana sharti. Ataka wewe uje umweleze mwanawe alikufaje. Asema barua aliyoletewa haikusema kweli."

"Barua ilisema nini?"

"Wewe unajua ilisema nini."

Nilijua. Barua ilisema Kyalo aliuawa akiwa doria, na iliandikwa kutokana na ripoti yenye sahihi yangu. Miaka yote hii nilikuwa nimekwenda kwa mama huyo mara moja tu, siku ya mazishi, nikasimama nyuma ya wenzangu, nikaondoka kabla chakula hakijapakuliwa.

Nilimwambia Halima nitakuja. Kisha kwa wiki mbili nikatafuta sababu ya kutokwenda, nikaumwa mgongo, nikapona, nikaumwa tena. Mke wangu alinipigia pasi shati bila kuuliza kitu.

Makumbusho hayo yamo kwenye ghala la zamani la pamba. Siku ya sherehe kulikuwa na hema nje, viti vya plastiki, kwaya, na katoni za soda zikiota jua. Ndani mlikuwa baridi na kimya. Chumba cha kwanza kina makoti ya wazee waliopelekwa Burma, kofia zao za chuma, na buti moja lisilo na mwenzake. Nilipita upesi. Chumba kipya kilinukia rangi. Mama yake Kyalo alikuwa ameketi peke yake mbele ya kabati lililofunikwa kitambaa, mrefu, mkavu, leso mabegani, raba miguuni. Halima alinifikisha mlangoni akanisukuma kidogo kwa kiganja, akarudi nje kwa wageni.

"Koplo," mama alisema. "Umenona."

"Shikamoo, Mwaitu."

"Marahaba. Keti."

"Siwezi kuketi."

"Basi simama. Lakini sema."

Nilitazama dirisha, mlango, dirisha. Akaanza yeye. Aliinua kitambaa, kabati lilikuwa bado wazi, akaitoa kata akaigeuza.

"Hapa kwa mshono," alisema. "Unaona? Hii ni mchanga. Mlinirudishia kata kwa begi yake na mchanga ndani. Sikuosha. Mtu anaenda doria na kata? Kyalo alikuwa anachimba maji. Hiyo najua, hata kabla mzike."

Aliishusha kata mapajani.

"Na nimemkasirikia, Koplo. Nilimfundisha mchanga tangu akiwa hivi," akashusha mkono hadi usawa wa goti, "na hakuwa anasikia. Anachimba tu. Watu walilia kaburini, mimi nilikuwa na hasira. Mpaka leo sijalia. Sasa mimi ni mzee. Nataka kujua kama ni haki niendelee kumkasirikia."

Hapo nikajua nilichoitiwa. Nilikuwa nimefika nikidhani kilicho hatarini ni jina langu. Nikamwambia.

Tulitoka saa tisa alasiri siku ile ya chai na ndevu, watu wanane, kukagua kivuko cha mto. Amri ilikuwa moja, na mtoto wa chekechea angeielewa: usiguse ardhi ambayo wateguaji wa mabomu hawajaipitia. Walikuwa wamesafisha kivuko. Hawakuwa wamesafisha kona ya mto, hatua hamsini juu yake. Chupa zetu zilikuwa tupu tangu mchana, na mmoja wetu, kijana wa Mwingi, alikuwa ameanza kuongea kwa ulimi mzito.

Niliitazama ile kona. Jiwe kubwa, mchanga umejikusanya chini yake, na mahali pamoja mchanga ulikuwa mweusi kuliko kwingine. Nilipanda hadi pale nikaweka kiganja.

Ulikuwa baridi.

Kwetu mchanga mweusi na baridi ni maji. Mtu yeyote aliyezaliwa kati ya Makindu na Mwingi angekuambia hivyo bila kufikiri. Sikufikiri kwamba mchanga uliofukuliwa jana na kurudishwa juu ya bomu nao huwa mweusi, nao huwa baridi.

"Kyalo! Hii iko na maji," niliita. "Leo Makueni inawafundisha kazi."

Akaja na kata yake. Akapiga magoti, akakwangua ule mchanga wa juu mara tatu, nne.

"Shika hii, boss," alisema. "Na mikono ni haraka."

Nikaipokea. Nikageuka kwenda kuwaita wengine walete madumu.

Hatua kumi na tano, labda.

Mlio sikuusikia. Nilichoona ni mchanga ukinipita pande zote mbili, kisha nilikuwa chini, uso umejaa changarawe.

Nikainuka. Nikaanguka. Nikainuka.

Pale chini ya jiwe hapakuwa na kitu cha kukimbilia.

Nilikuwa bado nimeishika kata.

Jioni, ofisa alipouliza, nilisema alikuwa doria. Haukuwa uongo mtupu, ndiyo maana ulinitoka kwa urahisi. Wale wengine sita walinitazama wakanyamaza, kwa sababu walikuwa na kiu na walitaka maji kama mimi. Kata niliitia kwenye begi lake. Sikuthubutu kuiosha. Na ningeiosha kwa maji gani?

Mama alisikiliza yote bila kunikatiza. Nje kwaya ilikuwa ikijaribu vipaza sauti, moja mbili, moja mbili.

"Kwa hivyo aliyemwonyesha mahali ni nani?" aliuliza. Alitaka nilitamke.

"Ni mimi, Mwaitu."

"Wewe."

"Mimi."

Aliipapasa kata kwa kidole gumba, akifuata mshono wake mwenyewe.

"Nyuki walikuwako?"

Miaka mingi nimeulizwa maswali. Niliulizwa na maofisa, na daktari, na mke wangu. Hakuna aliyewahi kuuliza hilo. Miguu ikataka mlango.

"Hapana," nilisema.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Palikuwa kimya kabisa."

"Na hukuona hiyo?"

Ningeweza kukomea hapo. Alikuwa ameshapata mkosaji, na mkosaji alikuwa mimi, na hilo lingetosha kumtoa mwanawe kwenye hasira. Lakini kulikuwa na kitu kimoja nilichokuwa nimekiruka nikisimulia, kama nilivyokiruka kwenye ripoti, kama ninavyokiruka kila siku ninapofungua lile geti.

"Kyalo aliona," nilisema. "Alipopiga magoti, kabla hajagusa mchanga, alinitazama akaniuliza, 'Boss, na nyuki?'"

Mama aliacha kupapasa.

"Nikamwambia nyuki ni wa mama yake, hapa ni jeshi. Nikamwambia achimbe. Nilikuwa na kiu, Mwaitu, na alikuwa amenichokoza asubuhi nzima juu ya Makueni, na mimi ndiye niliyekuwa na cheo. Akachimba."

"Aliuliza?"

"Aliuliza."

"Sema tena vile alisema."

"'Boss, na nyuki?'"

Alisema kwa sauti ndogo, wala hakuwa akisema nami, "Basi alikuwa amenisikia."

Akajifunika uso kwa leso, akalia. Alilia kwa sauti, jinsi wanawake wa kwetu wanavyolia siku ya kwanza ya msiba, na Halima alitokea mlangoni akaniona nimesimama mikono ikining'inia, akaelewa, akaufunga mlango. Nilibaki humo. Mara ya kwanza tangu Somalia nilisimama mahali pamoja bila kutafuta pa kutokea, kwa sababu sikuwa na haki ya kutoka.

Mtu hujidanganya kwa mengi. Mimi nilijidanganya kwamba nilinyamaza ili mama asiumie. Kumbe nilimwachia amchukie mwanawe miaka yote hiyo, kwa kosa ambalo mtoto hakulifanya. Kyalo alikufa mara moja pale chini ya jiwe. Jina lake mbele ya mama yake niliendelea kuliua mimi, kila siku niliyokaa kimya. Kwa hilo siwezi kulisingizia bomu la mtu mwingine.

Alipomaliza alijifuta, akajifunga leso upya, akairudisha kata kabatini, akaniuliza kama kitambaa cha kabati kimekaa sawa. Nikamwambia kimekaa sawa. Tulitoka. Alifungua kabati mbele ya watu, wakapiga makofi, kwaya ikaimba, watu wakagawiwa soda. Hakunipa mkono. Sikuutarajia, na sitautafuta.

Kabla hajaingia kwenye gari la jamaa zake alimwita Halima, wakasemezana. Halima akanijia na kalamu na ile karatasi ndogo ya maelezo iliyokuwa imebandikwa kwenye kioo. Ilisema: Kata ya askari aliyeuawa akiwa doria.

"Mama ataka ibadilishwe," alisema. "Amenipa maneno matatu tu: Aliuliza kuhusu nyuki. Nimwongezee nini hapo, Koplo? Wageni hawataelewa."

"Wa kwetu wataelewa," nilisema. Kisha nikaomba ile kalamu.

Karatasi hiyo iko pale hadi leo, Halima ameipiga chapa vizuri. Wanafunzi huisoma wakapita. Nimeshaona mzee mmoja wa huko kusini akiisoma, akavua kofia, akageuka kutazama ni nani aliye karibu. Nilikuwa karibu. Sikuondoka.

Imeandikwa: Kata ya Kyalo. Aliuliza kuhusu nyuki. Koplo wake, Muli wa Kasikeu, alimwambia achimbe.